Mwenye Programu na Mwenye Makosa

Katikati ya mwaka 2024 risiti za LUKU, umeme wa kulipia kabla wa Tanzania, zilirefuka ghafla. Mteja aliyezoea kundi moja la tarakimu 20 alipewa makundi matatu kwa mpigo, na mawili ya kwanza hayakuwa na uniti hata moja. Kazi yake ilikuwa kuiandaa mita ili ilikubali la tatu. Kanazi wilayani Ngara, kama Biharamulo, Tandahimba au Mbagala, watu walisimama mbele ya mita wakibonyeza tarakimu 60 kwa mpangilio, na asiye na macho mazuri alimwita mtoto wa jirani amsomee. Wengi waliambiwa tu kwamba ni maboresho ya mfumo, na kwamba mwisho ni tarehe 24 Novemba.

Sababu yenyewe inaelezeka kwa dakika mbili. Mita hizi hufuata utaratibu unaoitwa STS, uliozaliwa Afrika Kusini mapema miaka ya 1990 na baadaye ukawa kanuni ya kimataifa. Kila tokeni hubeba muda wake, uliokuwa ukihesabiwa kwa dakika kuanzia tarehe 1 Januari 1993, ili tokeni moja isitumike mara mbili. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ni biti 24, yaani dakika 16,777,216 basi. Ukizigawa kwa siku na miaka, unaangukia tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya hapo mita isiyoandaliwa haina namba ya kuitambulisha tokeni mpya, hivyo itaikataa. Waliotenga biti 24 hawakuwa wavivu. Kumbukumbu ilikuwa ghali na miaka 31 ilionekana mbali.

Kinachonivutia hapa si kosa, ni jinsi kosa lilivyofahamika mapema. Kanuni za STS zimechapishwa. Kilicho siri ni funguo za kuzalishia tokeni, si utaratibu wenyewe, kwa hiyo mtu yeyote mwenye karatasi na kalamu angeweza kuikokotoa siku ile miaka mingi kabla. Mashirika ya umeme ya nchi nyingi yalipata muda wa kujipanga. Kulikuwa na usumbufu, lakini ulikuwa usumbufu wenye tarehe.

Linganisha na Mei 2021. Kwa siku kadhaa wateja nchi nzima walishindwa kununua LUKU. Mtu ana fedha kwenye simu lakini analala gizani. Waziri wa Nishati wa wakati huo, Medard Kalemani, aliagiza maofisa wa TEHAMA wa shirika la umeme, TANESCO, wasimamishwe kazi. Adhabu ilitangazwa haraka. Lakini mwananchi aliyekaa gizani alibaki na maneno mawili tu mkononi, hitilafu ya mfumo, ambayo hayamwambii kilichoharibika, nani angeweza kukiona mapema, wala kama kitajirudia. Kwa wilaya kama Ngara na Biharamulo, zilizowahi kutegemea majenereta ya dizeli kabla ya kuungwa kwenye gridi, giza si jambo geni. Jipya ni giza linalotoka kwenye seva ilhali nguzo na nyaya ziko salama.

Vyuoni, maadili ya uhandisi wa programu hufundishwa kwa mafungu. Fungu moja ni miliki bunifu: usinakili kazi ya mwenzako, heshimu leseni, usiibe msimbo wa mwajiri. Jingine ni ubora: fanya majaribio, usimfiche mteja dosari, usikabidhi kazi unayojua haijaiva. Mafungu yote mawili yamo katika kanuni za maadili zilizopitishwa mwaka 1999 na jumuiya mbili za wataalamu, ACM na IEEE Computer Society, ambazo zinaanza na maslahi ya umma kabla ya kumtaja mteja au mwajiri. Mwanafunzi hujibu swali la kwanza, hujibu la pili, hupata alama zake na kwenda zake. Ukikaa upande wa anayetumia mfumo, hasa asiyeuchagua, mafungu hayo ni swali moja: mambo yakiharibika, nani ana ruhusa ya kufungua na kutazama, na nani atajibu?

Msimamo wangu ni huu. Kadiri mwenye programu anavyowazuia wengine kuiona, ndivyo mzigo wa makosa yake unavyopaswa kumwelemea yeye. Akitaka siri, abebe dhamana. Asipotaka dhamana, afungue.

Sheria zetu hazikujengwa hivyo. Mwaka huohuo wa 1999 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7, ambayo inazilinda programu za kompyuta katika kundi la kazi za maandishi, pamoja na vitabu na makala. Ndivyo ilivyo karibu duniani kote, Kenya ikiwemo. Kwa kumlinda mtunzi dhidi ya mwizi, mpangilio huo unafaa. Lakini riwaya mbaya haimnyimi mgonjwa dawa wala haimpeleki mtu jela, na ndiyo maana sheria ya vitabu haikuhitaji kumwuliza mwandishi kama kitabu chake kinafanya kazi. Programu ikaingia kwenye nyumba ya fasihi, ikapokea haki zote za mwenye nyumba bila wajibu wa mhandisi.

Chukua leseni yoyote ya programu inayouzwa uisome mpaka mwisho, jambo ambalo karibu hakuna anayelifanya. Nusu ya kwanza inakataza: usinakili, usiichokonoe, usijaribu kujua imetengenezwaje. Nusu ya pili inakana: programu inatolewa kama ilivyo, na hasara yoyote si juu ya kampuni, au ikibidi sana, haitazidi kile ulicholipa. Mwenye mali anajitokeza wakati wa kulipwa na kutoweka wakati wa kulaumiwa. Ni kweli kwamba leseni za programu huria, kama MIT, BSD na GPL, nazo zinakana dhamana kwa maneno yaleyale makali. Tofauti ni kwamba zinakupa msimbo wenyewe. Hakuna anayekuhakikishia chochote, lakini hakuna anayekufumba macho. Anayezuia macho na kukana dhamana kwa pamoja amechukua pande zote mbili za biashara.

Kenya imeonyesha jambo hili mbele ya macho ya Afrika Mashariki yote. Katika shauri la uchaguzi wa rais la 2017, Mahakama ya Juu iliiamuru tume ya uchaguzi, IEBC, iruhusu seva na kumbukumbu zake zikaguliwe. Tume haikutekeleza amri hiyo kikamilifu. Majaji walio wengi, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, walikuchukulia kukataa huko kuwa hoja dhidi ya tume yenyewe, na tarehe 1 Septemba matokeo yakafutwa. Miaka mitano baadaye vifaa vilikuwa vya kampuni nyingine, Smartmatic, na mahakama ilipoagiza ukaguzi wa seva, hoja ya miliki bunifu ya kampuni hiyo ikaletwa kuwa sababu ya kutofungua kila kitu. Safari hiyo shauri lilitupwa kwa kauli moja, na sina ushahidi wa kudai kwamba palifichwa kura. Ninachosema ni kidogo kuliko dai hilo, na kwangu ni kizito zaidi: haki ya kibiashara ya kampuni ya kigeni ilisimama mahakamani ikibishana na haki ya raia kujua kura yake imehesabiwaje.

Halafu ikaja afya. Mamlaka ya Afya ya Jamii ya Kenya, SHA, ilichukua nafasi ya mfuko wa bima ya afya, NHIF, tarehe 1 Oktoba 2024, na wiki za mwanzo zilijaa malalamiko ya wagonjwa waliofika hospitali wakakuta mfumo hauwatambui. Machi 2025 ikajulikana ripoti ya Mkaguzi Mkuu, Nancy Gathungu: mfumo wa kidijitali wa mpango huo ulikuwa na thamani ya shilingi za Kenya bilioni 104.8, na Serikali haikuwa mmiliki wake wala wa miliki bunifu yake. Mambo hayo mawili hujadiliwa kana kwamba hayajuani, malalamiko kwenye kurasa za afya na umiliki kwenye kurasa za siasa. Lakini daktari anayetaka kasoro irekebishwe leo anahitaji mwenye ufunguo, na mwenye ufunguo ana mkataba wake, ratiba yake na bei yake.

Nchini Uingereza kuna kisa ambacho kila mtumishi anayekabidhiwa mashine ya kukusanyia fedha angepaswa kukijua. Kuanzia 1999 shirika la posta la huko liliwafungia mawakala wake mfumo wa hesabu uitwao Horizon, kazi ya kampuni iliyo chini ya Fujitsu. Wakala alikuwa mtu wa kawaida mwenye duka dogo kijijini, na kaunta ya posta pembeni. Jioni anafunga hesabu, mfumo unamwambia pungufu pauni elfu kadhaa. Anapiga simu ya msaada, anaambiwa hakuna mwingine mwenye tatizo hilo. Analipa kutoka mfukoni, mwezi unaofuata pengo linarudi. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kwa wizi, udanganyifu au hesabu za uongo kutokana na takwimu za mfumo huo, takriban 700 kati yao wakishtakiwa na shirika la posta lenyewe. Wapo waliofungwa, waliofilisika, na waliojiua.

Mawakala zaidi ya 500 waliungana nyuma ya mwenzao Alan Bates kufungua kesi ya madai, na Desemba 2019 Jaji Fraser alihukumu kwamba Horizon ilikuwa na dosari zilizoweza kuzua mapengo ya uongo, na kwamba wafanyakazi wa Fujitsu waliweza kuingia kwa mbali kwenye hesabu za wakala bila yeye kujua, jambo ambalo posta ilikuwa imelikana kwa miaka. Aprili 2021 Mahakama ya Rufaa ilifuta hukumu za watu 39, na Mei 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta nyingi ya zilizobaki kwa mkupuo.

Kipande kimoja cha kesi hiyo ndicho kinachobeba mada yangu. Fujitsu ilikuwa na orodha ya dosari zinazofahamika, daftari ambamo mafundi waliandika kila kosa walilolikuta na namna ya kulikwepa. Mawakala walipoiomba, posta kwanza ilitilia shaka kama daftari hilo lipo, kisha ikasema haliko chini ya mamlaka yake kwa sababu ni la Fujitsu. Umiliki ukawa kizuizi cha ushahidi. Aliyekuwa akiwashtaki watu kwa takwimu za mfumo akadai kwamba kumbukumbu ya makosa ya mfumo huohuo ni mali ya mtu mwingine. Na sheria ya ushahidi ya Uingereza ilikuwa upande wake: sheria ya mwaka 1999 iliondoa sharti la kuthibitisha kwamba kompyuta inafanya kazi sawasawa, ikabaki dhana kwamba iko sawa mpaka mshtakiwa aonyeshe vinginevyo. Aonyeshe kwa kitu gani, wakati daftari limefungiwa?

Kwetu wakala huyo ana jina lingine. Ni mtendaji wa kijiji au mkusanya ushuru aliyepewa mashine ya POS na halmashauri. Karibu kila mwaka ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, hutaja mashine zilizokaa muda mrefu bila kuunganishwa mtandaoni, miamala iliyofutwa au kurekebishwa, na makusanyo yasiyofika benki. Maneno "anadaiwa na POS" yameingia kwenye lugha ya halmashauri nyingi, na wapo waliofikishwa mahakamani. Nieleweke vizuri: fedha za ushuru huibwa, na mengi ya madeni hayo ni wizi wa wazi ambao mashine imeufichua. Mimi ni shabiki wa mashine hizo kuliko vile vitabu vya stakabadhi vilivyokuwa vikichapishwa vichochoroni. Swali langu linamhusu yule mmoja ambaye hakuiba. Amekusanya ushuru wa ndizi na kahawa siku ya gulio, mtandao umekata, risiti zimetoka mara mbili, na mwisho wa mwezi mfumo unamdai shilingi 1,300,000. Ataomba aonyeshwe nini? Ana haki ya kupata kumbukumbu ghafi za mashine yake? Orodha ya dosari ipo? Inatunzwa na nani?

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali kumbukumbu za kielektroniki mahakamani, na kwa hilo ilikuwa hatua kubwa. Inaitazama pia afya ya mfumo: uhalisi wa mfumo wa kumbukumbu hudhaniwa pale penye ushahidi kwamba kompyuta ilikuwa ikifanya kazi ipasavyo. Kwenye maandishi tuko mbele ya Waingereza wa 1999, kwa sababu ushahidi huo unatakiwa utolewe. Kwenye chumba cha mahakama ya wilaya, ushahidi huo mara nyingi unaweza kuwa ofisa wa TEHAMA anayesimama na kusema mfumo uko vizuri, na mshtakiwa asiye na wakili hajui hata kwamba anaweza kumwuliza: vizuri kwa mujibu wa nani?

Wapo watakaosema dawa ni programu huria tu, na kila kitu kiwe wazi. Ningependa iwe rahisi hivyo. Aprili 2014 iligunduliwa dosari iliyopewa jina Heartbleed ndani ya OpenSSL, programu huria inayolinda sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti. Ilikuwa mle kwa miaka miwili, mbele ya macho ya dunia nzima, na dunia nzima haikutazama. Mradi huo uliokuwa ukizilinda benki za mabara yote ulikuwa ukipokea michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka. Machi 2024 mhandisi Andres Freund alishangaa kwa nini kuingia kwenye seva yake kunachelewa kwa nusu sekunde. Alipofuatilia akakuta mlango wa siri uliopandikizwa kwenye programu ndogo ya xz na mtu aliyejifanya msaidizi wa mtunzaji mmoja aliyechoka. Uwazi ndio uliomwezesha Freund kuona. Haukumlazimisha mtu yeyote mwingine kutazama.

Na sisi tuna kisa chetu cha upole zaidi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake wa Sweden, kupitia mradi wa KILINUX, walitoa Jambo OpenOffice: programu ya kuandikia na kupigia hesabu yenye menyu za Kiswahili, iliyowezekana kwa sababu msimbo wa OpenOffice ulikuwa huria na hakuna aliyehitaji kuombwa ruhusa. Microsoft nayo ikaja na Kiswahili chake baadaye. Leo ingia ofisi kumi za serikali ya mtaa uone ni ngapi zinaikumbuka Jambo. Haki ya kurekebisha ilikuwepo; bajeti ya kurekebisha, mwaka baada ya mwaka, ni kitu kingine.

Palipo na bajeti na taasisi, mambo huwa tofauti. Zahanati za Ngara na Biharamulo, kama zahanati nyingine nchini, hujaza vitabu vya MTUHA: wajawazito waliohudhuria kliniki, watoto waliochanjwa, waliokutwa na malaria. Mwisho wa mwezi hujumlishwa kwa mkono, na takwimu huingizwa kwenye DHIS2, mfumo huria ulioasisiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kutumika katika nchi nyingi za Afrika na Asia. Wataalamu wa Dar es Salaam hawakuishia kuutumia. Wameurekebisha kwa mahitaji ya wizara na kutengeneza nyongeza ambazo nchi nyingine nazo zinazitumia. Fomu ikibadilika hakuna anayesubiri barua kutoka makao makuu ya kampuni. Makosa yapo, na mengi yanazaliwa kwenye jumla za mkono usiku wa tarehe ya mwisho, muuguzi mmoja na taa ya simu. Lakini kosa la mfumo likionekana, lina pa kupelekwa, na anayelipelekewa anaweza kufungua.

Mvutano huohuo ulionekana kwenye manunuzi ya umma. Mfumo wa TANePS ulijengwa na kampuni ya Ulaya, European Dynamics. Mwaka 2023 nafasi yake ilichukuliwa na NeST, kazi ya wataalamu wa Kitanzania. Niliufurahia uamuzi huo, ila tusichanganye mambo. Msimbo kumilikiwa na Serikali humwondoa dalali wa kigeni, lakini haumpi mzabuni wa Biharamulo uwezo wa kujua kwa nini zabuni yake ilienguliwa saa sita usiku. Siri ya kampuni ikigeuka siri ya taasisi, aliye nje bado yuko nje.

Husemwa pia kwamba kufungua ni kuwakaribisha wezi. Jibu lake ni la zamani kuliko kompyuta: mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs aliandika kwamba mfumo mzuri wa siri ni ule ambao adui anaweza kuujua wote isipokuwa ufunguo. STS ya mita zetu inaishi kwa kanuni hiyo. Wenye mfumo unaoporomoka siku msimbo wake ukionekana wanalinda aibu zaidi ya kulinda fedha.

Mpaka hapa nimewasema wakubwa. Twende kwenye duka la stationery. Mwanafunzi aliyemaliza kidato cha sita anakuja kuomba mkopo wa elimu ya juu wa HESLB. Namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa, nywila, vyote vinapita kwenye kompyuta ile moja karibu na mashine ya fotokopi. Kompyuta hiyo ina Windows ya kukraki. Fundi aliyeipiga, kabla ya kuendesha programu ya kuvunja leseni, alizima kinga ya virusi kwa sababu maelekezo yalimtaka aizime, na hakuiwasha tena. Masasisho nayo yamezimwa ili Microsoft isije ikagundua. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipita duniani kote kikifunga mafaili ya watu na kudai fidia, na njia kiliyoingilia ilikuwa na kiraka chake tangu Machi. Walioumia ni wale ambao hawakukiweka. Kwa hiyo wizi wa leseni si dhambi dhidi ya Bill Gates peke yake, ambaye alikuwa akilalamikia jambo hili tangu barua yake kwa wapenzi wa kompyuta ya mwaka 1976. Anayebeba hatari ni yule mwanafunzi, ambaye hata hakujua kuna leseni. Simhukumu sana mwenye duka. Bei ya leseni halali inakula faida yake ya wiki nyingi. Lakini LibreOffice ni bure na halali, na karibu kila anachokifanya pale kinafanyika ndani yake.

Kwa upande wa pili kuna kijana wetu mtengenezaji wa programu. Anaitwa na saccos au shule binafsi, wanakubaliana kwa mdomo, analipwa nusu ya kwanza, nusu ya pili inageuka njoo wiki ijayo. Amejifunza kujilinda: anaweka kufuli ndani ya msimbo, tarehe fulani ikifika mfumo unagoma mpaka alipwe. Namwelewa, hata hivyo sikubaliani naye. Kufuli lisilotajwa kwenye mkataba halimbani mwenyekiti anayemdai. Linambana mjane anayetaka kutoa akiba yake siku hiyo. Liandikwe kwenye mkataba, na lizuie kuingiza kumbukumbu mpya badala ya kufunga zilizopo. Kijana huyohuyo, tuseme ukweli, amechukua vipande vya msimbo huria bila kusoma masharti yake, na siku hizi vingine ameandikiwa na akili mnemba asijue vimetoka wapi. Swali la uhalali wa vipande hivyo limeshafika mahakamani Marekani tangu kesi dhidi ya GitHub Copilot ya Novemba 2022. La ubora halihitaji mahakama: msimbo ambao aliyeutia sahihi hakuusoma hauna mtu wa kuutetea ukiharibika.

Wengine wameanza kuandika jibu kwenye sheria. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 maagizo mapya ya dhima ya bidhaa, yanayohusu bidhaa zinazoingia sokoni baada ya tarehe 9 Desemba 2026. Programu inatajwa waziwazi kuwa bidhaa. Programu huria isiyo ya kibiashara imeachwa nje. Na kampuni iliyoamriwa na mahakama kutoa ushahidi ikakataa, bidhaa yake itadhaniwa kuwa na kasoro. Siri za biashara zinalindwa ndani ya shauri, lakini haziwezi tena kuwa ngome. Mahakama ya Juu ya Kenya ilifikia mantiki hiyohiyo mwaka 2017 bila maagizo ya mtu.

Tanzania haianzi sifuri. Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 iliipa Mamlaka ya Serikali Mtandao nguvu ya kuweka viwango na kusimamia miradi ya TEHAMA ya taasisi za umma, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imempa raia haki juu ya taarifa zake. Na wazo la kukagua chombo cha mtu binafsi bila kumnyang'anya tunalo tangu zamani. Msimu wa kahawa ukianza, mizani ya chama cha msingi hukaguliwa na Wakala wa Vipimo na kubandikwa stika. Hakuna mtengenezaji wa mizani aliyewahi kudai kwamba kuupima usahihi wake ni kuiba ubunifu wake, na mkulima hahitaji kujua springi imepindwaje. Anahitaji kujua kwamba asiye mnunuzi ameijaribu kwa jiwe la uzito unaojulikana.

Kilo zikishasomwa kwenye mizani hiyo, huandikwa kwenye mfumo. Ndani yake hukatwa pembejeo, ushuru, mchango wa chama na deni la msimu uliopita, na kinachobaki ndicho kinachomfikia mkulima kwenye simu. Pale palipo na mfumo wa taasisi ya umma, kuna wa kuulizwa. Pale chama kiliponunua programu kwa kampuni binafsi, au kwa kijana wetu wa mkataba wa mdomo, kilo zimepimwa kwa chombo chenye stika ya Serikali na fedha zimehesabiwa kwa chombo ambacho hakuna ofisa wa wilaya mwenye mamlaka ya kukijaribu, wala sheria inayosema afuate utaratibu gani akitaka.